Uta Mmoja, Keekee Nyingi

Kabla nyaya za umeme hazijatandazwa katika miji yetu ya pwani, na kwa miaka mingi baada ya kutandazwa, maseremala wa Lamu, Pangani na Unguja, pamoja na waunda majahazi ambao maisha ya mabaharia yalitegemea uhodari wao, walikuwa na chombo cha kutobolea mbao kilichoitwa keekee. Chuma chake chenye ncha ndicho kilichobeba jina hilo hasa. Mti uliopachikwa chuma hicho uliitwa msukano. Kishikio cha juu, ambacho fundi alikigandamiza kwa kiganja huku msukano ukizunguka ndani yake, kiliitwa jivu. Na kamba iliyozungushwa msukanoni ilifungwa katika ncha mbili za uta, ambao fundi aliuvuta na kuusukuma mfano wa mtu apigaye fidla. Haikuwa anasa kuwa na keekee. Mbao ngumu kama mvule na msaji hazikubali msumari mnene bila ya kutobolewa kwanza, na fundi aliyeupuuza ukweli huo aliona ubao wake ukipasuka na ujira wake ukipungua kwa pigo moja la nyundo.

Nimeianza sura hii kwa keekee kwa sababu mtu wa leo, aingiapo katika duka la vifaa vya ujenzi na kuziona drili za betri zimepangwa rafuni, za manjano, za buluu, za kijani na nyekundu, hudhani kwamba anatazama kitu ambacho wazee wake hawakukijua kabisa, na kwa dhana hiyo humwachia muuzaji amchagulie. Ukweli ni kwamba kazi ni ile ile, chuma ni kile kile, na kilichobadilika ni uta tu. Seremala wa zamani hakuwa na uta kwa kila keekee. Alikuwa na uta mmoja mzuri, aliouzoea mkono wake, na keekee nyingi nyembamba na nene zilizoutumikia uta huo. Muradi wa sura hii ni kuonyesha kwamba busara hiyo haijachakaa, na kwamba anayenunua zana za betri kwa matumizi ya nyumbani, ajue asijue, hanunui zana bali ananunua uta.

Safari ya kuupata uta huu mpya ilikuwa ndefu. Mwaka 1895 karakana ya Fein katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, ilitoa drili ya umeme ya kushikwa mkononi, nayo ilikuwa nzito hata ikamchosha mtu mwenye nguvu. Mwaka 1917 S. Duncan Black na Alonzo Decker wa Baltimore, Marekani, walipata hataza ya drili yenye mkono mfano wa bastola na kitufe cha kubonyezwa kwa kidole, umbo ambalo hata leo halijaachwa. Mwaka 1961 kampuni yao ilitoa drili isiyo na waya, iliyotiwa betri za nikeli na kadimi; betri hizo zilikuwa nzito, zilipoteza chaji zikiwekwa bure, na kadimi yenyewe ni sumu, hata Umoja wa Ulaya ukaja kuzipiga marufuku katika zana za namna hii kuanzia mwisho wa mwaka 2016. Katika mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu, na mwaka 2005 kampuni za Makita na Milwaukee zikazitia betri hizo katika zana za mafundi. Kuanzia hapo drili ya betri ilianza kutoka katika daraja la kifaa cha kubabaisha hadi kuwa ala ya kazi ya kweli.

Zana kama hizi zilifika hata mwezini. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walichukua drili ya betri iliyotengenezwa na Black & Decker ili watoboe ardhi ya mwezi na kuchukua sampuli ya udongo wa chini. Betri ilikuwapo, mota ilikuwapo, na mkono wa mwanaanga David Scott ulikuwapo. Lakini mashina ya kutobolea yalikwama, kwa kuwa penye maungio mifereji ya kutolea vumbi haikupita sawasawa, na vumbi likakosa njia. Kwa safari iliyofuata maungio hayo yaliundwa upya. Kisa hiki nimekitaja kwa ajili ya yule ambaye atatumia fedha nyingi kununua drili bora, kisha amalizie kwa keekee ya bei duni iliyonunuliwa kwenye kifungu: uta hauwezi kuifidia keekee butu, hata mwezini.

Sasa tuutazame uta wenyewe. Juu ya betri huandikwa nambari mbili, na katika nambari hizo ndimo ulimo usemi wote wa kweli na baadhi ya usemi wa biashara. Nambari ya kwanza ni volti. Ndani ya betri mna seli za mviringo, aghalabu zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6. Seli tano zikifuatana huleta volti 18. Lakini seli iliyotoka kwenye chaja sasa hivi, kabla haijafanya kazi yoyote, hufika volti 4 na zaidi kidogo, na tano za namna hiyo hupita 20. Kwa hivyo betri inayouzwa Marekani kwa jina la volti 20 na ile inayouzwa kwingine kwa jina la volti 18 ni ndugu wa tumbo moja, na anayeongeza fedha ili apate hizo volti mbili hununua wino wa kibandiko. Vivyo hivyo betri ya volti 12 na ya volti 10.8 ni zenye seli tatu zile zile.

Nambari ya pili ni ampea-saa, nayo ni kipimo cha ujazo. Ukizidisha volti kwa ampea-saa hupata wati-saa, ambayo ndiyo mizani ya haki ya kupimia betri mbili zenye majina tofauti: volti 18 kwa ampea-saa 2 ni wati-saa 36, kwa ampea-saa 4 ni wati-saa 72, kwa ampea-saa 5 ni wati-saa 90. Fauka ya hayo, betri ndogo ina seli tano tu katika safu moja, na betri kubwa aghalabu ina seli kumi katika safu mbili zinazosaidiana, na kwa sababu hiyo kubwa haidumu zaidi tu bali pia hutoa nguvu zaidi kwa mara moja, kama punda wawili wanavyolivuta kwa raha gari ambalo mmoja angelivuta kwa kutweta. Mtu anaweza kuwa na msumeno mzuri kabisa akauona unazimika katikati ya ubao, akamlaumu mtengenezaji wa msumeno, na kosa likawa la punda mmoja.

Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika zana ya kampuni nyingine. Hapa ndipo penye tanzi la biashara yote. Watengenezaji walijua kwamba mtu akishakuwa na betri tatu na chaja moja za ukoo mmoja, atakapohitaji msumeno mwaka ujao hataangalia msumeno upi ni bora duniani, ataangalia upi unakubali betri alizonazo. Sisi husema kwamba ndoa ni kuunganisha koo mbili, na kwamba mwenye kuposa huitazama nyumba nzima kabla ya kumtazama binti. Basi na hapa mambo ni hayo. Usiitazame drili iliyo mbele yako peke yake. Uliza ukoo wake una watoto wangapi: una msumeno wa mviringo, una grinda, una randa, una pampu ya kujazia upepo magurudumu? Uliza umbo la betri limedumu miaka mingapi bila kugeuzwa. Uliza kama katika mji wako betri huuzwa peke yake. Ukoo wenye drili nzuri na usio na betri ya akiba sokoni ni ukoo usiokuwa na wazee: siku ya shida hutapata wa kumwendea.

Nasema haya kwa kuwa niliwahi kuyapuuza. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua begi moja lililoandikwa kwamba lina zana sita, kwa bei iliyonifanya niondoke dukani upesi kabla muuzaji hajabadili nia. Nilipofika nyumbani nilimkuta jirani yangu, seremala mzee ambaye alijifunza kazi kwa baba yake, ameketi barazani.

“Shikamoo, fundi,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?”

Nikalifungua begi kwa fahari na kuvitoa vitu kimoja kimoja: drili, bisibisi ya mpigo, msumeno wa mviringo, msumeno wa kwenda mbele na nyuma, kipulizia vumbi, na taa. Mzee akaiinua ile taa akaigeuza.

“Na hii nayo ni zana?”

“Ndivyo walivyohesabu, mzee wangu.”

“Na betri ni hizi mbili ndogo?” Akazipima kwa kiganja, zilikuwa za ampea-saa 1.5, yaani wati-saa 27 kila moja. Akatabasamu bila kejeli. “Mwanangu, umenunua keekee sita na nusu ya uta.”

Wiki ile ile nilitaka kukata mbao za rafu, na msumeno ukazimika katika ubao wa pili. Nilirudi dukani kutafuta betri kubwa za ukoo ule, nikaambiwa kwamba hazijawahi kuletwa. Na baada ya mwaka mmoja, begi lililoletwa la jina lile lile lilikuwa na betri za umbo jingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na begi lile lilikuwa limejitembeza mpaka likanifikia.

Namna ya kuchagua kwa insafu, basi, ni kuanza na nyumba na kuja dukani baadaye. Zunguka nyumba yako siku ya mapumziko ukiwa na karatasi, uandike kazi ambazo hakika zitafanywa katika mwaka mmoja: kitasa kilicholegea, rafu ya jikoni, pazia la chumba cha wageni, lango la banda la kuku, kitanda kinacholia. Utaona kwamba aghalabu ya kazi hizo ni mbili tu, kutoboa na kukaza skrubu. Na ukiziacha mpaka zikawa kubwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kazi hizo mbili, mwanzo mwema ni drili yenye mpigo wa nyundo pamoja na bisibisi ya mpigo, betri mbili za ampea-saa 4 au karibu na hapo, na chaja moja. Betri moja hufanya kazi, ya pili hukaa kwenye chaja. Betri ya tatu ni akiba, na zana ya tatu ingojee mpaka kazi yake ibishe hodi.

Wengine huuliza kwa nini ziwe mbili, ilhali drili nayo hukaza skrubu. Drili huzunguka kwa nguvu iliyo sawa, na kwenye shingo yake mna pete yenye nambari ambayo huiachia ikomee nguvu inapofika kiasi ulichokiweka, ili skrubu isizame ndani ya mbao laini wala kichwa chake kisiliwe; kwa hivyo ndiyo yenye adabu katika kazi za makabati na bawaba ndogo. Bisibisi ya mpigo, kwa upande wake, ikikutana na ukinzani hupiga mapigo madogo ya haraka ya kuzungusha, na mapigo hayo husukuma skrubu ndefu katika mninga bila kumtegua mtumiaji kifundo cha mkono. Lakini hata yenyewe haikuondolei wajibu wa kutoboa kwanza. Mninga na mvule ni zile zile za wakati wa keekee, na bado hupasuka.

Kuta nazo zina tabia zake. Ukuta wa matofali ya saruji hutoboka vizuri kwa drili yenye mpigo wa nyundo na keekee yenye ncha ya kabaidi. Nguzo na sakafu za zege lenye nondo ni jambo jingine: hapo drili ya kawaida hupiga kelele nyingi na kutoa vumbi kidogo, na chombo kinachofaa ni mashine ya nyundo yenye mdomo wa namna ya SDS, ambayo ni busara kuiazima au kuikodi ikiwa mashimo yako ni manne kwa mwaka. Na anayekaa katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe au Lamu, na aufunge kabisa mpigo wa nyundo, atoboe polepole kwa keekee kali, kwani chokaa ya kale ikitikiswa humeguka pande kwa pande, na shimo la kutundikia picha likageuka kazi ya mwashi.

Katika kuchagua drili utaambiwa pia habari za mota isiyo na brashi. Katika mota ya kizamani vipande viwili vya kaboni husugua ndani yake kupeleka umeme, na kwa kusugua huleta joto, hula chaji, navyo huisha. Katika mota mpya kazi hiyo hufanywa na saketi ndogo ya elektroniki, na faida yake ni kwamba betri ile ile hufanya kazi nyingi zaidi na mota hudumu. Ikiwa tofauti ya bei si kubwa, mota isiyo na brashi inastahili fedha hizo. Ama nambari za nyutoni-mita ambazo huandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa sanduku, zisikutie ghururi: drili ya nyutoni-mita 50 hufungua na kufunga kila kitu katika nyumba ya kawaida, na yenye zaidi ya 100 inaweza, keekee ikikwama, kumgeuza mshikaji mkono badala ya kuugeuza ubao.

Wala tusiudharau waya. Grinda inayokata nondo inaweza kula wati 700 na zaidi. Betri ya wati-saa 72 ikilishwa mzigo wa namna hiyo bila kupumzika huisha kwa dakika sita hivi. Kwa mtu mwenye nondo tatu za kukata juu ya paa, dakika sita zatosha na waya ni udhia. Kwa anayejenga uzio mzima, grinda ya waya ya bei ya wastani itamshinda mwenye betri nne. Betri ni ya kazi fupi, ya mahali pa mbali na soketi, na ya siku ambazo umeme umekatika. Tena hata shambani ambako umeme haujafika, sola ya wati 100 katika jua jema huweza kuijaza betri ya wati-saa 72 kwa muda wa saa moja na kitu, ukiwapo mtambo wa kugeuza umeme ufae chaja. Kila kimoja kina mahali pake, na mwenye hekima hukitumia kila kimoja mahali pake.

Katika manunuzi yapo mambo mawili ya hadhari. La kwanza ni betri za ghushi, ambazo kwa nje huvaa rangi na jina la kampuni kubwa, na ndani zina seli za hali ya chini ambazo ujazo wake haufanani na nambari iliyoandikwa. Uzito husema ukweli: betri ya seli kumi huwa nzito kwa dhahiri kuliko ya seli tano, na inayodai ampea-saa 6 huku ikiwa nyepesi mfano wa sanduku tupu, irudishe rafuni. La pili ni zawadi za ndugu walio ng'ambo. Betri na drili za Marekani zitafanya kazi Mombasa kama zilivyofanya Ohio, lakini chaja yake huenda imeundwa kwa volti 120 peke yake, na umeme wetu wa volti 230 hadi 240 utaiunguza mara moja. Mwambie ndugu asome kibandiko cha chaja kabla hajalipa. Na akipanda ndege, betri za akiba aziweke katika mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na ajue kwamba zinazozidi wati-saa 100 zahitaji idhini ya shirika. Kumbe ile hesabu ya kuzidisha inafaa hata kwenye uwanja wa ndege.

Ukishanunua, itunze betri kama unavyotunza chakula. Joto ndilo adui yake mkubwa. Usiiache garini juani, wala usiichaji ikiwa bado ina moto wa kazi. Ikiwa itakaa miezi bila kutumiwa, iache na chaji ya nusu, kwani kukaa imejaa pomoni huizeesha, na kukaa tupu kabisa huiua. Itoe betri kila unapobadili kisu cha msumeno au jiwe la grinda, maana kitufe hakijui kwamba kidole kimekigusa kwa bahati mbaya. Na miwani ya kukinga macho inunuliwe siku ile ile ya msumeno, si siku ya kujuta.

Lakini utunzaji wowote una kikomo. Kamba ya uta wa keekee ilipokatika, fundi alisokota nyingine jioni ile na asubuhi akaendelea na kazi. Kamba ya uta wa leo husokotwa kiwandani, na baada ya miaka kadhaa na mamia ya chaji itachoka, na mota iliyo nzima itakuwa chuma cha kuzuilia mlango ikiwa hakuna mahali pa kununua nyingine. Jirani yangu aliyajua hayo kabla yangu. Keekee ya baba yake ingali imetundikwa ukutani mwa karakana yake, na chini yake, mwaka uliopita, ikakaa drili ya betri. Nilikuwa naye dukani siku alipoinunua. Kijana wa kaunta alimwonyesha mbili, akamtajia bei zake na mapunguzo yake, mzee akasikiliza yote kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: betri ya pili bei gani, na mwaka wa tano ataipata wapi.